Keki Iliyonuka Mrenda

Kwetu Umoja, Nairobi, Jumamosi huanza kwa sauti ya mchanga. Mama huvuta ndoo kutoka chini ya meza ya jikoni, humimina mchanga kwenye sufuria kubwa, na mimi nikiwa bado chini ya blanketi hujua kwamba wiki imekwisha na hakuna mwalimu anayeweza kunifikia hadi Jumatatu. Hatuna oveni. Tuna jiko la makaa, sufuria mbili, na mchanga ambao umri wake unanizidi. Mchanga unapashwa moto kwenye sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa inakalishwa juu yake, kifuniko kinawekwa, halafu makaa mengine yanapangwa juu ya kifuniko. Keki inaiva kwa moto wa chini na wa juu, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu akamkuta mzazi wake ameshafika.

Nasema "huanza". Ukweli ni kwamba Jumamosi ninayoandika habari zake ilikuwa ya tano bila mchanga.

Kukhu, yaani nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa amefariki. Tulienda kumzika nyumbani kwao magharibi, tukarudi, na mama akaingia chumbani, akalala akiangalia ukuta. Watu walisema ni uchovu wa safari. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetaja safari tena. Alikuwa anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, vikombe viwili kwa siku. Baba akimbembeleza sana anauma mkate mara moja, anauweka shavuni, na unakaa hapo mpaka sote tunajifanya tumeusahau. Gauni lake la nyumbani lilianza kuonekana kama limetundikwa kwenye msumari.

Baba alifanya yote aliyoyajua. Alipika ugali. Baba ni fundi wa mbao, na ugali wake unaweza kuupiga randa. Mama wa mlango wa pili, mtu wa Murang'a, alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani, umefunikwa kwa sahani, akaketi kitandani na kumwambia, "Mama watoto, hata mimi nilizika. Nililia, nikala, nikalia tena nikiwa nimeshiba. Hiyo kulia na njaa ni kazi mbili, huziwezi."

Mama alimshukuru kwa sauti ya mtu aliye ndani ya debe. Mukimo tuliula sisi.

Alhamisi baba akampeleka zahanati. Mimi nilienda kubeba sweta, na masikio yangu sikuyaacha nyumbani, kwa hivyo nilisikia baba alipovutwa kando na daktari akaambiwa, "Ikifika Jumatatu bado hali kitu, mrudishe alazwe. Huu mwili hauna akiba tena." Baba akasema sawa. Tukirudi alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa chekechea. Nilimwachia mkono wangu hata tulipopita wavulana wa shule yetu, na wao, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, hawakusema kitu.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Mimi ni mchekeshaji. Sijisifu, imeandikwa kwenye ripoti yangu ya kidato cha tatu, ingawa mwandishi alichagua maneno "huvuruga darasa". Na mtu wa kwanza niliyewahi kumchekesha ni mama. Tena nina jina la Kukhu. Kwetu mtoto akipewa jina la nyanya, mzazi humwita vile angemwita mwenye jina, kwa hivyo tangu nizaliwe mama yangu ananiita Mama. "Mama, vyombo vitajiosha?" "Mama, hiyo sketi ilirukwa na maji?" Wageni huchanganyikiwa, na mimi huwaacha hivyo hivyo.

Siku ya mazishi mhubiri alihubiri mpaka jua likahama upande. Alipotangaza kwamba sasa anaingia sehemu ya pili, niliinama sikioni kwa mama nikanong'ona, "Kukhu angekuwa hai angekuwa ameinuka kitambo, akaenda kuangalia mboga."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka kama chafya, mbele ya jeneza, mbele ya ukoo mzima. Dada yake mkubwa akageuka, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Mama akafunga mdomo. Tangu hapo haukufunguka vizuri, kwa kucheka wala kwa kula, na tangu hapo hakuniita Mama tena. Aliniita "wewe".

Kwa hivyo wengine walijua mama ana huzuni. Mimi nilijua ana huzuni, halafu ana mimi.

Nilijaribu kumrudisha kwa njia ileile niliyompoteza nayo. Kila jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda na kumwigiza mwalimu wa kemia, ambaye huongea kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Nikamwigiza mhubiri. Nikamwigiza hata dada yake mkubwa, na hiyo ni dhambi niliyokuwa nimeiweka akiba kwa siku maalum. Mgongo wa mama haukutikisika. Ijumaa, akili ikiwa imeniishia, nilisema, "Mathe, ukifa njaa, baba atatupikia ugali mpaka tuolewe."

Akajibu akiuambia ukuta: "Wewe, niache kidogo."

Nilienda chooni nikauma mkono wa sweta mpaka uzi ukatoka.

Jumamosi baba alienda karakana kumaliza kabati la mtu. Aliniambia neno moja tu mlangoni: "Mwangalie." Nikasubiri hatua zake ziishe, nikamwita mdogo wangu, ambaye yuko gredi ya nne na hujiona ni mwanasheria.

"Leo tunapika keki," nikamwambia.

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Wewe hujui. Wewe huwa unalamba mwiko tu."

"Kulamba ni masomo. Leta ndoo."

Buibui alikuwa amejenga kwenye ndoo ya mchanga. Tulimhamisha. Nikawasha jiko nje uani, nikamimina mchanga kwenye sufuria kubwa nikiwa nimeelekeza masikio chumbani, nikifikiri labda sauti ile itamgusa. Kitanda hakikulia hata kidogo.

Siagi na sukari nilivipiga kwa mwiko vile nilivyomwona akifanya. Mama husema piga mpaka sukari iache kulalamika, yaani mpaka usisikie tena ikikwaruza chini ya sufuria. Ya kwetu ililalamika kweli. Mkono uliwaka moto. Mdogo wangu alivunja mayai kikombeni moja moja, kwa sababu mwaka fulani tulikutana na yai viza na mama huwa hasahau. Unga tukauchekecha na beking pauda, ganda la limau tukalikwaruza, tukamimina maziwa mala, yale ya mgando.

"Vanila?" akauliza mwanasheria.

Kabatini hakukuwa na vanila. Sikushangaa. Mama huificha kwa sababu yangu. Nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa najipaka nyuma ya masikio nikienda shule, na darasa zima likawa linashinda na njaa. Nimeshawahi kuikuta ndani ya mkebe wa unga, na mara moja ndani ya kiatu cha kanisani cha baba. Tukapekua kote. Mwishowe nikautazama mkoba mweusi nyuma ya mlango wa sebule, ule aliosafiri nao kwenda mazishini. Ulikuwa haujafunguliwa tangu turudi. Nikaingiza mkono, nikapita karatasi ya mpango wa ibada, nikapita peremende zilizogandana, na chini kabisa nikashika kichupa kimefungwa kwenye leso kuukuu ya buluu.

Kilikuwa cha vanila. Nikasema moyoni, mathe, hapa umezidi.

Nikakifungua. Mdomo wake ulinukia vanila kwa mbali sana, kama mtu aliyetoka chumbani kitambo akaacha koti. Kilichokuwa ndani kilikuwa cha kahawia, chepesi, rangi ya vanila kabisa. Nikadhani imezeeka na nguvu zimeisha, na kwamba kijiko kimoja hakitatosha. Nikamimina yote. Nikakipiga kichupa makalioni mpaka tone la mwisho likaanguka.

Leso yenyewe nilikuwa nimeiona mara nyingi mno kwenye kichwa cha Kukhu. Macho yaliitambua. Akili ilikuwa kwenye keki.

Mchanganyiko ukafanya povu. Ulichemka bila moto, ukapanda, ukashuka, ukageuka rangi ya manjano iliyochoka.

"Inafanya nini?" mdogo wangu akauliza.

"Inaumuka. Imefurahi."

"Mimi sioni kama imefurahi."

Tukaikalisha juu ya mchanga, tukafunika, tukapanga makaa juu ya kifuniko. Nikachuchumaa pale nikihesabu alichokula mama tangu Jumatatu. Nilipata mkate, nusu kipande. Nilihesabu tena, labda nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau.

Harufu ilipoanza kutoka, mama wa mlango wa pili akajitokeza na beseni la nguo.

"Mmeweka mboga motoni?"

"Ni keki."

Akasogea, akanusa, akanitazama kwa huruma. "Msichana wangu, hiyo keki inanuka mrenda."

"Ni mtindo mpya."

"Mtindo ni sawa. Sasa majani mtaweka saa ngapi?"

Nilicheka, nikafunua sufuria na kuichoma keki kisu katikati. Kisu kilitoka kikavu. Keki ilikuwa imepanda, ikapasuka katikati, na rangi yake ilikuwa ya tofali lililochomwa vizuri. Baba alirudi saa ya chakula cha mchana, akaikuta mezani. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi. Akakata kipande, akauma.

Baba hatemi chakula. Amelelewa hivyo. Alitafuna polepole huku macho yakijaa maji, akameza, akanywa bilauri nzima ya maji, akaishusha.

"Umeweka nini humu?"

Nikamtajia. Nilipofika kwenye vanila nikamwonyesha kichupa. Akakichukua, akaiona leso mezani, akakaa.

"Hii uliitoa wapi?"

"Kwa mkoba wa mathe. Alikuwa ameificha nisijipake."

"Hii si vanila, mtoto wangu. Ni mushelekha."

Mushelekha ni munyu wa kwetu, chumvi ya majivu. Maganda makavu ya maharagwe yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye chungu chenye matundu, maji yanamiminwa juu, na yale yanayodondoka chini, ya kahawia, ndiyo yanayolainisha mrenda. Kukhu alitutumia chupa ya soda kila muhula, na kila Jumapili mama aliweka vijiko viwili kwenye mboga.

"Baada ya mazishi mama yako aliingia jikoni mwa nyanya yako peke yake," baba akasema. Alikuwa anakiambia kichupa, si mimi. "Chunguni kulikuwa kumebaki kidogo tu. Akatafuta cha kuwekea, akakuta kichupa cha vanila alichompelekea Krismasi. Alikibeba mapajani mpaka Nairobi. Aliniambia hatakitumia kamwe. Anataka tu kiwepo."

Nilitamani anipigie kelele. Hakunipigia. Niliketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Nilikuwa nimemwondolea kicheko, nikamwondolea chakula, na sasa nilikuwa nimemwondolea na kile kidogo kilichobaki.

Mdogo wangu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Tunaweza kuweka strungi. Rangi ni moja."

Baba ni mzee wa kanisa. Na naapa aliitazama thamosi. Aliitazama muda mrefu, halafu akaangalia dirishani, na nikaelewa kwamba nimeachiwa uamuzi.

Nikamimina strungi kichupani. Nikafunga kifuniko. Ukiinua kwenye mwanga, hata Kukhu mwenyewe asingejua. Nimedanganya walimu wengi, nimewahi kumshawishi mmoja kwamba nina pacha, lakini kazi safi kama ile sijawahi kufanya. Nikakifunga kwenye leso kwa mikunjo ileile, nikafika nyuma ya mlango, nikaingiza mkono mkobani. Mkono ukakataa kuachia. Niliwaza siku atakapokuwa amezidiwa sana, afungue, anuse, akutane na chai.

Nikarudi, nikakimwaga kwenye sinki. Nikaweka kipande cha keki kwenye sahani, nikachukua kichupa kitupu na leso, nikaingia chumbani.

"Mathe."

Ukuta.

"Nimeharibu kitu. Nilikuwa napika keki ili ule. Nikaenda kwa mkoba wako, nikadhani ni vanila."

Akageuka. Ilimchukua muda, kama kabati kubwa linalosukumwa na mtu mmoja. Aliona leso kwanza. Akanyoosha mkono, nikampa kichupa. Akakiinamisha juu ya kiganja mpaka tone moja likatoka, akalilamba. Akakunja uso.

"Hii ni strungi."

"Hiyo ni ya baadaye," nikasema. "Nilikuwa nimeamua kukudanganya, halafu nikaacha."

"Na yenyewe?"

"Iko kwenye keki."

"Yote?"

"Yote."

"Hukuonja kabla ya kumimina?"

"Sikuonja."

Nilishika sahani kwa mikono miwili, nikasubiri kofi, na wallahi nililitaka lile kofi. Badala yake akatoa sauti ambayo sijui kuiandika, ya chini, ndefu, na baba akaonekana mlangoni akasimama hapo hapo. Ilipoisha, mama alijifuta uso kwa leso ya Kukhu.

"Lete," akasema.

Nikampa sahani. Akainusa keki akiwa amefumba macho. Akauma.

Lazima mjue ilikuwa mbaya kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeionja: ilikuwa sabuni, majivu na limau vimefungiwa chumba kimoja. Ulimi wangu ulikufa ganzi mpaka jioni. Mama alitafuna huku machozi yakishuka, na mimi nikalitazama koo lake. Likameza. Akauma tena.

"Nikuletee maji?"

"Usiniletee maji."

Alimaliza kipande, akaokota makombo kwa kidole alicholowesha mate.

"Ni mbaya sana," akasema.

"Najua."

"Unataka kusema kitu. Naona mdomo wako."

"Sitaki."

"Sema."

Nilitazama chini. "Kukhu angekuwa ameinuka kitambo, akaenda kuangalia mboga."

Hakucheka. Alifikiria, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. "Angekuwa ameenda," akasema. Halafu akanirudishia sahani. "Mama, kata kingine. Kidogo."

Nilipotoka nje, mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya jiko.

"Amekula?"

"Kimoja. Anataka kingine."

"Kwani ilikuwa tamu?"

"Hapana."

Mama alikataa tumgawie mtu yeyote. Aliiweka keki kwenye mkebe chini ya kitanda, akala kipande asubuhi na kipande jioni, bila maji, na kila kilipopungua nilisikia hofu, kwa sababu sikujua ikiisha atakula nini. Jumatatu baba alimpeleka zahanati hata hivyo. Hawakumlaza. Walisema arudi baada ya siku nne. Walipouliza alikula nini, alijibu keki, na baba akaanza kuchunguza dari kana kwamba ameombwa kuitengeneza.

Jumanne kilibaki kipande kimoja. Alikitazama sana, akakifunga kwenye leso, akakirudisha mkobani. Jioni alikula ugali wa baba, matonge matatu. Bado anakula hivyo, matonge matatu, siku nyingine mawili, na siku moja hakula kabisa nikauma tena sweta. Ule mkoba siugusi. Nikipita karibu na ule mlango napita kwa ubavu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa chini ya blanketi niliposikia ndoo ikivutwa. Ikavutwa kidogo, ikasimama. Nilisubiri sauti ya mchanga, haikuja. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa ameketi sakafuni amechoka, mguu huku na mguu huku, ndoo katikati, mkono umezama mchangani mpaka kwenye kifundo.

"Umeuunguza," akasema. "Na hukuuchekecha ulipomaliza. Umejaa majivu."

Nikaketi upande wa pili wa ndoo.

"Pumzika kwanza," nikamwambia.

"Napumzika. Lete chekeche."